Namba Moja Haitoshi

Mchana wa Januari, ukipita Mbagala, Tandale au Manzese jijini Dar es Salaam, hutakosa kuona geti lililobandikwa karatasi: "Barafu zipo." Ndani kuna friza, na ndani ya friza vimepangwa vifuko vya nailoni vilivyofungwa fundo: vya ubuyu, vya ukwaju, vya embe, vya maziwa. Mwenye biashara ana hesabu mbili kichwani: uniti za umeme wa LUKU zilizobaki, na saa ambayo watoto watatoka shule. Kwa kuwa maji yake ameyachemsha, kama usalama unavyotaka, kila siku anakutana na swali lilelile: ayaache yapoe kwanza, au ayatie kwenye friza yakiwa bado ya moto?

Karibu kila atakayeulizwa atamwambia asubiri, na sababu atakayopewa inaonekana haina mjadala. Maji ya moto yana safari ndefu zaidi. Kabla maji ya nyuzi 90 hayajaganda, lazima yapite nyuzi 30. Yakifika hapo yatakuwa sawa na yale yaliyoanzia 30, na kutoka hapo yatahitaji muda uleule kama wenzake. Muda wote wa kushuka kutoka 90 hadi 30 ni hasara tupu.

Hoja hii ni safi, na mwalimu yeyote wa fizikia angeipa alama zote. Lakini imebeba dhana ambayo haikutajwa: kwamba maji mawili yenye jotoridi moja ni maji yaleyale, hata kama mengine yametoka mbali na mengine karibu. Sura hii inaichunguza dhana hiyo. Inapofaa, ndipo fizikia nyingi ya joto inaposimama. Inaposhindwa, tunaingia katika sehemu ngumu na hai ya sayansi ya leo: themodinamiki ya vitu ambavyo bado havijatulia, ambamo kinachotokea hapa huamuliwa na kilichopo kule, na kinachotokea sasa huamuliwa na kilichopita.

Kijana wa Magamba

Mwaka 1963, Tanganyika ikiwa bado haijaungana na Zanzibar, Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, kwenye milima ya Usambara karibu na Lushoto. Wanafunzi wa pale walikuwa na kawaida ya kujitengenezea aiskrimu. Walinunua maziwa kwa akina mama wa jirani, wakayachemsha, wakatia sukari, wakayaacha yapoe, kisha wakayaweka kwenye sehemu ya kugandishia ya jokofu. Nafasi ilikuwa finyu na wagombeaji walikuwa wengi.

Siku moja, Mpemba akiwa anachemsha maziwa yake, mwenzake aliona atawahiwa. Akachanganya ya kwake na sukari bila kuyachemsha, akakimbilia jokofu. Mpemba naye akaona akisubiri atakosa trei ya mwisho, akayatia yakiwa ya moto, huku akijua kuwa anaweza kuliharibu jokofu lenyewe. Saa moja na nusu baadaye walirudi pamoja. Maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda. Ya mwenzake yalikuwa bado kimiminika kizito.

Alimuuliza mwalimu wake wa fizikia, akajibiwa kuwa amechanganyikiwa. Akanyamaza. Baadaye alikutana na rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu mjini Tanga, akaambiwa kwamba kule kutia mchanganyiko ukiwa wa moto ndiyo njia ya kuwahi. Wauzaji walikuwa wanajua jambo ambalo darasa lilikuwa linalikana.

Alipofika Shule ya Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu, mada ya joto ilifundishwa tena na Mpemba akauliza tena. Safari hii mwalimu alimwambia kuwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia. Maneno hayo yakawa mzaha wa darasa: kila alipokosea hesabu, ikaitwa hesabu ya Mpemba. Yeye hakuacha. Alijaribu kwa maji, kwa bika mbili ndogo alizozikuta kwenye maabara ya baiolojia, na akaona kilekile alichokiona Magamba.

Kisha Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, akaja shuleni kutoa mhadhara, na Mpemba akapewa nafasi ya kuuliza. Swali lake lilikuwa limenyooka kama swali la mtihani: vyombo viwili vinavyofanana, maji ya ujazo mmoja, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, vyote vikiwekwa kwenye jokofu, kwa nini kile cha nyuzi 100 huganda kwanza? Wenzake walimcheka. Osborne hakuwa na jibu, lakini aliahidi kujaribu.

Bika kwenye kilima cha Ubungo

Chuo alichofundisha Osborne kilikuwa kimehamia mwaka 1964 kwenye kilima cha Ubungo, pale tunapopaita Mlimani. Wakati huo palikuwa pembezoni kabisa mwa jiji. Kwa miaka mingi baadaye palihesabiwa chini ya Wilaya ya Kinondoni, hadi Ubungo ilipofanywa wilaya yake. Kwa hiyo moja ya majaribio ya fizikia yanayotajwa sana kutoka Afrika Mashariki lilifanyika kwenye kitongoji cha Dar es Salaam, kwa jokofu la nyumbani.

Fundi wa maabara alipopewa kazi hiyo mara ya kwanza, alileta jibu kwamba maji ya moto yameganda mapema, akaongeza kuwa ataendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi. Hakulipata. Jaribio lilipopangwa vizuri, lilitumia maji yaliyokwisha kuchemshwa, ya ujazo wa sentimita 70 za mchemraba, katika bika za glasi zilizowekwa juu ya kipande cha povu gumu ili joto lisipite chini. Maji yaliyochelewa kuliko yote kuanza kuganda yalikuwa yale yaliyoanzia karibu nyuzi 25. Yaliyoanzia karibu nyuzi 90 yaliwahi zaidi.

Hatua iliyofuata ndiyo yenye uzito kwa sura hii. Osborne na wanafunzi wake walipofunika uso wa maji kwa utando wa mafuta, kuganda kulichelewa sana. Maana yake joto lilikuwa linatokea juu, usoni, wala si pande zote. Walipopima ndani, waligundua kwamba maji hayana jotoridi moja: uso una moto zaidi, chini kuna baridi zaidi. Maji yaliyoanza na moto mwingi yana mzunguko wenye nguvu, ule ambao vitabu vya shule huuita msafara: yaliyopoa yanazama, ya moto yanapanda. Kwa hiyo uso wake hubaki na moto zaidi kuliko wastani wa bika, na uso ndio unaotoa joto.

Sasa rudi kwenye hoja ya mwalimu. Chukua bika mbili ambazo wastani wake, kwa dakika fulani, ni nyuzi 30. Moja ilianzia 90, nyingine ilianzia 30. Namba ni ileile, lakini mpangilio wa ndani si uleule. Ya kwanza ina mzunguko unaoendelea na uso wenye moto. Ya pili imetulia. Kwa hiyo hazitapoa kwa mwendo mmoja, na hoja iliyoonekana safi imekatika pale pale ilipodhani bika hizo ni sawa.

Makala ya Mpemba na Osborne ilitoka mwaka 1969 katika jarida la Physics Education. Mpemba wakati huo alikuwa mwanafunzi katika Chuo cha Wanyamapori Mweka, chini ya Kilimanjaro, na kazi yake ya maisha ikawa wanyamapori. Mwaka huohuo, bila kujua habari zao, George Kell wa nchini Kanada alichapisha makala kuhusu jambo hilohilo. Aristotle, Francis Bacon na Descartes walikuwa wameligusa karne nyingi kabla. Lakini jina lililobaki ni la Mpemba.

Wasioamini, na sababu zao

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kumtangaza Mpemba mshindi. Mambo hayakuwa hivyo. Tangu 1969 majaribio yametoa majibu yanayogongana, na sababu zilizopendekezwa ni nyingi kuliko inavyofaa kwa jambo moja. Maji ya moto hupoteza mvuke: Kell alikokotoa kwamba maji yanayopoa kutoka nyuzi 100 hadi sifuri kwa njia ya uvukizi peke yake hupoteza takriban asilimia 16 ya uzito wake, hivyo kinachobaki kugandishwa ni kidogo. Chombo cha moto huyeyusha barafu iliyojijenga kwenye sakafu ya friza na kukaa sawasawa juu ya chuma baridi. Kuchemsha hutoa hewa iliyoyeyuka. Na maji yanaweza kushuka chini ya sifuri bila kuganda, yakingoja mahali pa kuanzia, jambo ambalo huigeuza kila safari ya kuganda kuwa nusu bahati nasibu.

Mwaka 2012 jumuiya ya wanakemia ya Uingereza, Royal Society of Chemistry, ilitangaza shindano la kutafuta maelezo bora. Yalikuja zaidi ya majibu 20,000. Aliyeshinda, Nikola Bregović wa Chuo Kikuu cha Zagreb, aliegemea zaidi msafara wa maji na tabia ya kushuka chini ya sifuri bila kuganda. Miaka minne baadaye, Henry Burridge na Paul Linden walipitia majaribio ya nyuma, wakafanya ya kwao, wakahitimisha kwamba hawaoni ushahidi wa kutosha kwamba maji ya kawaida hufanya hivyo. Waliona jambo jingine pia: ukisogeza kipimajoto juu au chini kwa sentimita moja tu ndani ya chombo, unaweza kupata au kupoteza matokeo ya Mpemba.

Kwa muuza barafu, jibu la haki ni kwamba asijenge biashara juu ya jambo hili. Maji ya moto huongeza mzigo wa friza na huenda yakayeyusha vifuko vya jirani. Kwa mwanafizikia, ile sentimita moja ni kisa kizima. Kama jibu linageuka kwa kusogeza kipimajoto kidogo hivyo, basi namba moja haikuwa maelezo ya maji yale tangu mwanzo, kwa upande wa Mpemba wala kwa upande wa wapinzani wake.

Sheria za papo hapo

Mwaka 1701 Isaac Newton alichapisha, bila kuweka jina lake, kanuni kwamba mwendo wa kitu kupoa hufuata tofauti kati ya jotoridi lake na la mazingira. Kanuni hiyo hukitazama kitu kizima kwa namba moja. Mwaka 1822 Joseph Fourier, Mfaransa, aliikata kazi vipandevipande: ndani ya kitu, joto hupita kwa kadiri jotoridi linavyoteremka mahali hapohapo, wakati huohuo. Hakuna haja ya kujua kilichopo sentimita tano pembeni, wala kilichotokea dakika moja iliyopita. Kila kipande hushughulika na jirani yake wa karibu tu. Hizi ndizo sheria za papo hapo.

Katika karne ya 20 Lars Onsager, Mnorwe aliyefanya kazi Marekani, na Ilya Prigogine wa Ubelgiji waliongoza ujenzi wa themodinamiki ya vitu visivyo katika msawazo juu ya msingi huo. Onsager alichapisha kanuni zake mwaka 1931 na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 1968; Prigogine alipata yake 1977. Wazo la msingi ni hili: hata kama bika nzima haijatulia, kila kipande chake kidogo kimetulia, kwa hiyo kinaweza kupewa jotoridi na kanizo lake halali. Na kipande kidogo bado kina wakazi wengi. Mchemraba wa hewa wenye upande wa mikromita moja una molekuli zipatazo milioni 25. Wa maji una zaidi ya bilioni 30.

Msingi huu ni imara kuliko unavyoonekana. Injini, mitambo ya umeme, kiwanda cha saruji cha Wazo, majokofu yote ya Kariakoo: hesabu zake hutegemea sheria za papo hapo, na hesabu hizo hazidanganyi. Ndani ya bika ya Osborne pia, kila mikromita ya maji ilimtii Fourier bila tatizo. Tatizo lilianza pale mtu alipotaka kuisemea bika nzima kwa namba moja.

Kilichotupwa hurudi

Katika miaka ya 1960 Robert Zwanzig huko Marekani na Hajime Mori huko Japani walionyesha kwa hesabu kamili kinachotokea hapo. Tuseme kitu kina mabilioni ya habari: mahali na mwendo wa kila molekuli. Wewe unachagua chache za kufuatilia, jotoridi la wastani kwa mfano, nyingine unaziacha. Mlinganyo wa hizo chache unapata nyongeza ya lazima: sehemu inayotegemea historia yake. Habari ulizoziacha hazikupotea. Zinaendelea kufanya kazi nje ya macho yako, kisha zinarudi kwenye hesabu kwa sura ya kumbukumbu. Na ulichokiacha kikiwa kimetawanyika mahali, kama uso na chini ya bika, hurudi kwa sura ya umbali: hapa panaathiriwa na kule.

Mtu aliyekaa kwenye daladala Sabasaba saa kumi na mbili jioni analijua jambo hili. Akihesabu magari yanayomzunguka tu, hataweza kueleza kwa nini hasogei. Lori lililoharibika Kizuiani nusu saa iliyopita huenda limeshaondolewa, na foleni bado iko.

Swali la kisayansi, basi, si kama kumbukumbu ipo. Ipo daima. Swali ni kama inafifia upesi kiasi cha kutojali. Ikiwa vitu ulivyoviacha hutulia haraka sana kuliko vile unavyovifuatilia, sheria ya papo hapo inafaa. Ikiwa vinatulia kwa mwendo ule ule au polepole zaidi, sheria hiyo inavunjika. Mzunguko wa maji ndani ya bika huchukua dakika nyingi kutulia, na kupoa kwenyewe huchukua dakika nyingi. Hapo ndipo Mpemba alipoingilia.

Mtazamo huu umeliweka swali la Mpemba kwenye meza mpya. Mwaka 2017 Zhiyue Lu na Oren Raz waliliacha kabisa suala la maji, wakauliza kwa ujumla: kitu kinaporudi kwenye msawazo, kinarudi kwa njia ngapi? Jibu ni kwamba umbali wake kutoka msawazo ni jumla ya sehemu nyingi, kila moja ikififia kwa mwendo wake. Zile za haraka huisha mapema. Mwisho hubaki ile ya polepole kuliko zote, na hiyo ndiyo huamua muda wa safari. Basi ikitokea kwamba kuanzia kwenye moto zaidi kunakupa kiasi kidogo cha ile sehemu ya polepole, utafika mapema ingawa ulianzia mbali. Hakuna sheria inayokataza.

Mwaka huohuo kundi la watafiti nchini Hispania lilionyesha kwa hesabu kwamba gesi ya chembechembe zinazogongana na kupoteza nishati, mfano wa mchanga unaotikiswa, hufanya hivyo pia. Zikiwa gesi mbili zenye kutofautiana si kwa jotoridi tu bali hata kwa namna mwendo ulivyogawanyika kati ya chembe zake, ya moto inaweza kuitangulia ya baridi. Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser, Kanada, walilionyesha kwa chembe moja isiyoonekana kwa macho, iliyo ndani ya maji na kuongozwa kwa mwanga wa leza, wakirudia safari hiyo mara nyingi mno hadi shaka ya bahati ikaondoka. Mwaka 2024 watafiti wa Innsbruck, Austria, walichapisha matokeo ya aina hiyo kwa ioni zilizoshikwa kwenye mtego wa umeme, kwenye ulimwengu wa kwanta. Ubishi kuhusu maji ya friza haujaisha. Ubishi kuhusu kama jambo lenyewe linawezekana umeisha.

Hewa ya juu ya mabati

Umbali nao una mfano wake, na ni mkubwa kuliko bika. Saa nane mchana, mabati ya Manzese, Tandale na Temeke yana moto wa kuunguza kiganja. Joto hilo huingia kwenye hewa na kupanda. Kwa mujibu wa sheria ya papo hapo, joto lingepaswa kupanda kila mahali kwa kadiri jotoridi linavyopungua kwenda juu mahali hapo.

Ili kuipima hewa kwa haki, kwanza unaondoa ile baridi ambayo hewa huipata kwa sababu tu imepanda na kutanuka, takriban nyuzi 10 kwa kila kilomita. Ukishaondoa hiyo, utaona jambo la ajabu. Katikati ya tabaka la hewa lililochanganyika, mita mia kadhaa juu ya paa, mteremko wa jotoridi unakaribia sifuri. Mahali pengine umegeuka: juu kuna moto zaidi kidogo kuliko chini. Fourier angesema joto limesimama au linashuka. Vipimo vinasema linapanda, tena kwa wingi.

James Deardorff, mtafiti wa Marekani, alilieleza jambo hili mwaka 1966. Joto halipandi kwa kupokezana jirani kwa jirani. Linabebwa na mapande makubwa ya hewa moto, yenye upana wa mita mia na zaidi, yanayong'oka kutoka chini na kwenda moja kwa moja hadi kileleni mwa tabaka. Pande linapopita katikati halijali mteremko wa pale. Linabeba habari za mabati lilikotoka. Kwa hiyo mtiririko wa joto mahali hapo huamuliwa na moto wa ardhini na kimo cha tabaka zima.

Wataalamu wa hali ya hewa hawakuweza kulipuuza, kwa sababu huamua mawingu ya mchana na mvua ya jioni. Modeli kadhaa za kompyuta, pamoja na ile iitwayo WRF inayotumika nchi nyingi duniani, zina chaguo la hesabu ambalo huongeza juu ya kanuni ya Fourier sehemu inayotazama tabaka zima kuanzia chini hadi juu. Na upepo wa bahari huongeza utata: hewa inayofika Kimara alasiri imepita kwanza juu ya maelfu ya paa za Kinondoni, na inafika ikiwa imebeba kumbukumbu ya njia hiyo.

Chini kabisa, kwenye molekuli

Mpaka hapa mtu anaweza kujitetea: bika na hewa ya Manzese ni matatizo ya uvivu wetu wa kuhesabu, tukishuka hadi kwenye vipande vidogo, sheria za papo hapo zitarudi na kutawala. Kwa kiasi kikubwa ni kweli. Lakini si kweli yote.

Mwaka 1970 Berni Alder na Thomas Wainwright, kwenye maabara ya Livermore huko California, walichapisha hesabu za kompyuta za mipira midogo migumu inayogongana, picha rahisi kabisa ya kimiminika. Ilitarajiwa kwamba mpira uliosukumwa utasahau mwendo wake wa mwanzo upesi sana. Haukusahau. Mpira ukisonga mbele huwasukuma walio mbele yake, nao huzunguka kando hadi nyuma, na mzunguko huo huusukuma tena mpira wenyewe. Ukingoja mara nne zaidi, kumbukumbu inashuka hadi moja ya nane tu, wakati nadharia ya zamani ilitabiri itakuwa imefutika. Matokeo yake kwa nadharia yalikuwa mazito: wale waliotumaini kuirekebisha kanuni ya Fourier kwa kuiongezea vipengele kimoja baada ya kingine waliona vipengele vya mbele vikikosa namba yenye kikomo. Umbali hauwezi kubandikwa kama kiraka.

Jingine lilionekana kwa mwanga. Kimiminika kilichotulia hutetemeka kidogo kila mahali, na mtetemo wa hapa haujui mtetemo wa pale. Mawasiliano yao hukoma baada ya takriban nanomita moja. Jan Sengers na wenzake wa Chuo Kikuu cha Maryland walipasha kimiminika moto kwa juu, ili kisizunguke, wakakipitishia leza. Mara tu mteremko wa jotoridi ulipokuwepo, mitetemo ilianza kujuana kwa umbali mkubwa, hata ule wa kuonekana kwa macho. Ukizidisha mteremko mara mbili, nguvu ya mitetemo hiyo inaongezeka mara nne. Duniani uvutano huizuia mitetemo mikubwa kukua. Kwa hiyo mwezi Septemba 2007 jaribio liitwalo GRADFLEX lilipelekwa angani kwa setilaiti ya Foton-M3, na ndani ya tabaka la kimiminika lenye unene wa milimita moja mitetemo ilikua hadi ikazuiwa na kuta za chombo tu. Kimiminika ambacho kingeonekana kimya kabisa kilikuwa kitu kimoja kutoka ukuta hadi ukuta.

Hili linafunga mlango wa utetezi. Kukosa msawazo peke yake, hata kwa mteremko mdogo na uliotulia, kunatosha kuunganisha sehemu za mbali. Sheria za papo hapo ni makadirio mazuri sana, na kwa bomba la maji au sufuria hutaiona tofauti. Lakini ni makadirio.

Chanjo na miraba

Nani anahitaji kujua haya, mbali na wanafizikia? Jibu moja liko kwenye vituo vya afya vya Temeke na Kinondoni, ndani ya jokofu la chanjo.

Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Kipimajoto cha jokofu kinasoma 5, na muuguzi anaweza kudhani kazi imekwisha. Lakini 5 hiyo ni ya mahali kipimajoto kilipo. Karibu na ukuta wa kugandisha panaweza kuwa chini ya sifuri, na karibu na mlango unaofunguliwa kila dakika panaweza kuwa juu ya 8. Tena ni 5 ya sasa. Haisemi umeme ulikatika jana kwa saa ngapi, wala chupa zilikaa muda gani juani wakati wa kushushwa kwenye gari.

Ndiyo maana tangu mwaka 1996, kuanzia na chanjo ya matone ya polio, chupa zilianza kubandikwa alama ndogo iitwayo VVM: mraba uliozungukwa na duara. Mraba huanza ukiwa na rangi nyepesi kuliko duara na huzidi kuwa mweusi kwa jumla ya joto lote ambalo chupa imelipitia, moto mkali kwa muda mfupi au moto kiasi kwa muda mrefu. Ukifikia weusi wa duara, chupa haitumiki, hata kama kwa sasa ni baridi kabisa. Hapo tiba imekubali kilekile kilichomsumbua mwalimu wa Mkwawa: chupa mbili zenye jotoridi moja si lazima ziwe chupa sawa, na historia ina haki ya kuhesabiwa.

Hata hivyo mraba huo una kikomo chake. Unakumbuka joto, haukumbuki kuganda. Chanjo kama ya homa ya ini aina ya B huharibika ikiganda mara moja tu, na VVM yake itabaki na rangi nyepesi kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa hiyo muuguzi akihofia hilo hufanya jaribio jingine: huitikisa chupa pamoja na nyingine iliyogandishwa kwa makusudi, akazitazama zinavyotulia. Kipimajoto, mraba na kutikisa ni habari tatu kuhusu kimiminika kimoja kinachojaa kijiko kimoja, na hakuna hata moja inayoweza kuchukua nafasi ya nyingine.